Vidonda vya tumbo vyatibika, mbona Wakenya wangali wanavilea kwa tembe za dukani?

KATIKA mji wowote humu nchini, kuanzia Busia hadi Lamu, siku haipiti kabla ya mteja kujongea kwenye dirisha la duka la dawa, kujipapasa chini ya kifua na kuomba "ile ya asidi". Muuzaji hamuulizi neno. Humkatia tembe nne au sita, au humkabidhi chupa ya dawa nyeupe ya maji, akapokea pesa zake na kumgeukia anayefuata. Mteja huyo atarejea baada ya wiki mbili, pengine hata kabla. Atarejea mwaka ujao na mwingine baada ya huo, huku akiwaeleza jamaa na marafiki kwamba yeye ana "alsa", kana kwamba alsa ni ukoo ambao mtu huzaliwa ndani yake na kuzikwa nao.

Mtazamo huu ndio kiini cha tatizo. Vidonda vya tumbo si maradhi ya kulelewa. Kwa zaidi ya miaka 30 sasa sayansi imekuwa na hakika kwamba sehemu kubwa ya vidonda hivi husababishwa na mambo mawili, yaani aina moja ya bakteria na dawa za kutuliza maumivu. Mgonjwa aliyepimwa ipasavyo, akatibiwa kikamilifu na kuepushwa na kilichomdhuru, aghalabu hupona na asirudiwe tena. Hata hivyo, elimu hiyo imechelewa mno kufika mahali ambapo Mkenya wa kawaida hutafuta matibabu, na wakati huu wote fedha zinatumika, damu inamwagika, na baadhi ya watu wanazikwa kwa ugonjwa ambao ungetibiwa kwa wiki mbili.

Tumbo la binadamu hutoa asidi kali inayosaidia kusaga chakula na kuua viini vinavyoingia pamoja na mlo. Asidi hiyo ingelila tumbo lenyewe lau si utando mzito wa ute unaofunika ukuta wake wa ndani, mfano wa plasta juu ya matofali. Utando huo ukidhoofika, asidi hupenya na kuchimba. Shimo linalochimbwa ndilo kidonda. Huweza kutokea tumboni penyewe au katika sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, pale chakula kinapoanza safari yake ya kuondoka tumboni.

Dalili ijulikanayo zaidi ni maumivu ya kuchoma au kutafuna kwenye chembe cha moyo. Wapo wanaoamshwa nayo usiku wa manane tumbo likiwa tupu, wakapata nafuu kwa kula kipande cha mkate. Wapo ambao chakula ndicho huwazidishia mateso. Wengine huvimbiwa, hucheua kila mara au huhisi kichefuchefu. Na wapo, hasa wazee wanaomeza dawa za maumivu kila siku, wasiohisi lolote hadi siku ambayo kidonda kinaanza kuvuja damu.

Lakini si kila kiungulia ni kidonda, na hapa ndipo duka la dawa hupotosha zaidi. Kiungulia kinachopanda hadi kooni, hasa mtu akilala punde tu baada ya kushiba, aghalabu hutokana na asidi kupanda kwenye umio. Watu wengine huumwa na tumbo kwa miaka na wakimulikwa ndani hakuonekani kidonda chochote. Mawe ya nyongo na maradhi ya kongosho huumiza mahali papo hapo. Moyo nao haukosi kuhusika: mtu wa makamo mwenye kisukari au shinikizo la damu, akishikwa ghafla na maumivu ya chembe cha moyo huku akitokwa na jasho jembamba, hafai kukimbilia dawa ya asidi. Huenda huo ni mshtuko wa moyo, na kila dakika inayopotea dukani ni msuli wa moyo unaokufa.

Ili kuelewa jinsi dhana potovu zilivyoota mizizi, ni sharti kurejea nyuma kidogo. Mnamo 1915, daktari Bertram Sippy wa Chicago, Marekani, alitangaza tiba ya kuwanywesha wagonjwa maziwa na malai kila baada ya saa moja, pamoja na dawa za kupunguza makali ya asidi. Tiba hiyo ilitawala kwa miongo kadhaa, na ushauri wa "kunywa maziwa" unaotolewa hadi leo vijijini unafanana nayo kama pacha. Ukweli ni kwamba maziwa hutuliza kwa muda mfupi tu, kisha protini na kalsiamu zilizomo huchochea tumbo kutoa asidi zaidi.

Baadaye lawama zilihamia kwenye fikira. Vyuoni ilifundishwa kwamba vidonda ni maradhi ya watu wenye mawazo mengi na wanaofanya kazi za kuhangaisha roho. Waliozidiwa walikatwa sehemu ya tumbo, au wakakatwa neva inayoliamrisha tumbo kutoa asidi. Katika miaka ya 1970 zikazuka dawa za kuzuia asidi, simetidini ikitangulia, na zikafuatwa na omeprazoli mwishoni mwa miaka ya 1980. Vidonda vilifunga. Kisha dawa ilipoachwa, vikafumuka upya: zaidi ya nusu ya wagonjwa waliugua tena ndani ya mwaka mmoja. Kwa watengenezaji wa dawa hiyo ilikuwa neema isiyo kifani, kwani mgonjwa aligeuka kuwa mteja wa maisha.

Mapinduzi yalitoka pembe ya dunia ambayo hakuna aliyeitazamia. Katika hospitali ya Royal Perth nchini Australia, Robin Warren, mtaalamu wa kuchunguza vipande vya nyama za mwili kwa hadubini, alikuwa ameona tangu 1979 bakteria waliopinda wakiwa wamejazana kwenye matumbo yaliyovimba. Vitabu vilisema hakuna kiumbe kinachoweza kuishi ndani ya asidi ile. Mnamo 1981 alijiunga naye daktari kijana, Barry Marshall. Walijaribu kuwaotesha bakteria hao maabarani bila mafanikio hadi Pasaka ya 1982, sahani za maabara zilipoachwa siku kadhaa zaidi ya kawaida kwa sababu ya likizo. Wafanyakazi waliporejea, bakteria walikuwa wameota.

Mabingwa wa wakati huo walipuuza habari hizo. Marshall alichukua hatua ambayo hakuna kamati ya maadili ya leo ingeidhinisha: mnamo 1984 alikunywa mchanganyiko uliojaa bakteria hao. Baada ya siku chache alianza kutapika na pumzi yake ikawa inanuka. Alipomulikwa, tumbo lake ambalo awali lilikuwa zima lilikuwa limevimba na kutawaliwa na bakteria. Hakupata kidonda, ila alikuwa amethibitisha kwamba kiumbe huyo, ambaye baadaye aliitwa Helicobacter pylori, huweza kulishambulia tumbo la mtu mwenye afya. Mnamo 1994, mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani ulipendekeza kwamba kila mwenye vidonda na bakteria hao apewe viuavijasumu. Mwaka huo huo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliwaweka katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Warren na Marshall walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005.

Kwa hivyo, mtu anayeambiwa leo mjini Nakuru au Kisii kwamba "punguza mawazo na unywe maziwa" anatibiwa kwa elimu ya kabla ya 1982.

Haimaanishi kwamba mawazo hayana hatia hata kidogo. Baada ya tetemeko la ardhi lililoukumba mji wa Kobe, Japani, mwaka wa 1995, madaktari waliona ongezeko la watu waliotokwa na damu kutokana na vidonda. Wagonjwa mahututi na walioungua vibaya nao huweza kupata vidonda katika muda wa siku chache. Msongo huchochea na kuzidisha, lakini mara nyingi huwa unapuliza moto ambao tayari umewashwa na bakteria au tembe.

Bakteria hao huambukizwa hasa utotoni, kutoka kinywa hadi kinywa au kwa kinyesi kinachochafua maji na chakula. Panapokuwa na watu wengi katika chumba kimoja, maji ya kuokoteza na vyoo vichache, huenea kwa urahisi. Uchanganuzi wa tafiti za dunia nzima uliochapishwa mwaka wa 2017 ulikadiria kwamba takriban asilimia 70 ya watu barani Afrika wanao. Takwimu hiyo inafaa kusomwa kwa makini, kwani ina sura mbili. Kwanza, inaonyesha ukubwa wa tatizo. Pili, inaonyesha kwamba kuwa na bakteria si sawa na kuwa na kidonda: walio wengi huishi nao hadi uzeeni pasipo kuumwa, na ni takriban mtu mmoja katika kila 10 ambaye hupata kidonda maishani mwake. Kipimo kinachosema "unao" hakijasema kwamba ndio wanaomuumiza mgonjwa.

Kisababishi cha pili hakitangazwi sana, ingawa kinauzwa hadharani kando ya sukari na chumvi. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na jamaa zao hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Kemikali hizo hizo ndizo huliamrisha tumbo kutengeneza ute wa kujikinga. Anayezimeza kila siku, kwa hivyo, anabomoa plasta ya ukuta wake kwa mkono wake. Si lazima tembe iguse tumbo. Hata sindano ya diklofenaki inayodungwa kwenye zahanati nyingi kwa maumivu ya mgongo hupitia damuni na kuleta madhara yale yale.

Hapa ndipo maradhi haya yanapokutana na riziki ya Mkenya. Kibarua wa mjengo, mchuma chai wa Kericho, mwendeshaji bodaboda ambaye kiuno kimechoka kwa mashimo ya barabara na ajuza ambaye magoti yamekataa kukunjika wote hufanya kazi kwa nguvu za tembe. Hawana siku ya kupumzika. Tumbo likianza kuuma, hununua dawa ya asidi na kuendelea na ile ya maumivu, wasijue kwamba wanalipia ugonjwa na dawa yake kwenye dirisha lile lile. Hatari huzidi kwa waliopita umri wa miaka 65, kwa waliowahi kuugua vidonda, na kwa wanaochanganya tembe hizi na dawa za steroidi au za kuzuia damu kuganda. Parasetamoli haina madhara hayo kwa ute wa tumbo, japo nayo ikizidishwa huharibu ini. Na aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo hapaswi kuiacha kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari anaweza kumwongezea dawa ya kulinda tumbo.

Kuhusu chakula, mengi yasemwayo ni hadithi. Pilipili haichimbi kidonda, ingawa aliye na kidonda huenda ikamchoma. Maharagwe, ambayo yamepigwa marufuku katika nyumba nyingi kwa ajili ya mgonjwa mmoja, huleta gesi, hayaleti vidonda. Ni jambo la kusikitisha kuona mama aliyepungukiwa na damu akikatazwa maharagwe, ndengu na mboga, akabaki na wali mweupe na chai ya maziwa. Kinachofaa ni mtu aepuke kile ambacho yeye mwenyewe amekiona kinamdhuru. Sigara ina hatia ya kweli, kwani huchelewesha kidonda kupona, na pombe nyingi huchubua utando wa tumbo. Mtafunaji wa miraa anayekesha kwa soda na sigara, akapitisha milo miwili bila kula, hafai kushangaa tumbo likilalamika.

Suala la saumu huzuka kila mwaka, hasa katika ukanda wa Pwani na Kaskazini Mashariki. Aliyepona kidonda kwa kawaida huweza kufunga, na dawa nyingi hupangika kati ya daku na futari. Mwenye kidonda kibichi, au aliyetokwa na damu hivi karibuni, anashauriwa kumwona daktari kabla ya mwezi kuandama. Dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku hizo baadaye, hivyo hakuna fahari katika kujidhuru.

Tatizo kubwa zaidi humu nchini, hata hivyo, ni upimaji. Katika kliniki nyingi za mitaani mgonjwa hutolewa tone la damu na baada ya dakika chache huambiwa kwamba ana "H. pylori". Kipimo hicho hutafuta kinga ambazo mwili ulitengeneza dhidi ya bakteria, na kinga hizo hubaki damuni kwa miezi au miaka hata baada ya bakteria kuangamizwa. Hakiwezi kutofautisha vita vya jana na vya leo. Katika nchi ambapo watu wengi waliambukizwa utotoni, kipimo hicho kitawatia wengi hatiani, na ndiyo maana si ajabu kumpata mtu aliyemeza dozi tatu za viuavijasumu katika miaka miwili, kila mara kwa ushahidi ule ule usioaminika.

Vipimo vya kutegemewa vipo. Kimoja hutafuta chembechembe za bakteria katika choo. Kingine ni cha pumzi: mgonjwa hunywa kinywaji maalumu kisha hupuliza kwenye mfuko au chupa, na hewa yake ikachunguzwa. Vyote viwili huonyesha bakteria walio hai sasa. Lakini vina sharti ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi: dawa kama omeprazoli iachwe wiki mbili kabla ya kupimwa na viuavijasumu wiki nne, la sivyo bakteria hujificha na jibu likawa la uongo. Anayetumia aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda aombe ushauri wa daktari kwanza, kwani kwake kuacha kinga ya tumbo kuna hatari zake.

Cha tatu ni kumulika tumbo kwa mpira mwembamba wenye kamera, unaopitishwa kinywani. Ndicho pekee kinachokiona kidonda chenyewe, na daktari huweza kukata kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi wa bakteria na wa saratani. Huduma hii hupatikana katika hospitali kuu za rufaa na za kibinafsi, na hospitali ya Tenwek katika Kaunti ya Bomet imejijengea jina kwa kazi hiyo kutokana na wingi wa saratani ya umio katika eneo hilo. Kwa mwananchi wa Mandera au Turkana, lakini, nauli peke yake ni mzigo, seuze gharama ya kipimo chenyewe.

Si kila mtu anahitaji kumulikwa. Kijana mwenye maumivu ya kawaida anaweza kupimwa choo au pumzi, akatibiwa na kusubiri. Lakini aliyepita umri wa makamo na kuanza kuumwa kwa mara ya kwanza, anayekonda bila sababu, anayekwama chakula akimeza, anayetapika mara kwa mara au aliyepungukiwa na damu, hafai kuridhika na tembe. Saratani ya tumbo huanza kwa maumivu yanayofanana kabisa na ya kidonda, na dawa za asidi huyatuliza kwa miezi mingi huku uvimbe ukikua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na dawa ya asidi ni mojawapo ya maficho bora zaidi.

Bakteria wakithibitishwa, matibabu ni dawa ya kupunguza asidi pamoja na viuavijasumu viwili au zaidi kwa siku 14. Kwa miaka mingi mseto uliotumika ulikuwa wa omeprazoli, amoksisilini na klarithromaisini. Mseto huo umeanza kupoteza makali katika sehemu nyingi za dunia. Mnamo 2017, Shirika la Afya Duniani, WHO, liliwaweka bakteria hawa, pale wanapokuwa sugu kwa klarithromaisini, katika orodha ya viini vilivyohitaji dawa mpya kwa dharura. Tafiti nyingi za Afrika nazo zimeonyesha usugu mkubwa dhidi ya metronidazoli, dawa ambayo Wakenya huimeza kila tumbo linapoendesha. Mwaka wa 2024, chama cha madaktari wa tumbo wa Marekani kilipendekeza mseto wa dawa nne, mojawapo ikiwa bismathi, utangulizwe badala ya ule wa zamani.

Dozi hii si ya kuchezewa. Huleta uchungu mdomoni, kichefuchefu na kuhara, na metronidazoli haichanganywi na pombe. Siku ya tano mgonjwa huhisi nafuu, akaona heri aziweke zilizobaki kwa ajili ya siku nyingine au ampe jirani anayelalamikia hali kama yake. Bakteria waliosalia ni wale wenye nguvu, na ndio watakaoambukizwa mtoto wake. Isitoshe, sheria inataka viuavijasumu viuzwe kwa cheti cha daktari pekee. Bodi ya Dawa na Sumu yalijua hilo, na serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa kukabiliana na usugu wa dawa mwaka wa 2017, ilhali tembe hizo zingali zinahesabiwa mojamoja kwenye madirisha.

Dawa yenyewe ya kuzuia asidi hutumiwa visivyo. Omeprazoli hufanya kazi ikimezwa nusu saa hivi kabla ya chakula, na wengi huimeza wakiwa wameshashiba au wakati maumivu yanapowashika. Anayeitumia kwa miezi mingi kisha akaiacha ghafla hushtukia asidi ikifurika kwa siku kadhaa, na hapo huamini kwamba kidonda kimerudi, akakimbilia kuinunua tena.

Wachuuzi wa mitishamba ndani ya matatu na kwenye viwanja vya soko nao wanavuna. Chupa moja, kwa maneno yao, hutibu vidonda, kisukari, presha na uhaba wa nguvu za kiume. Hapana haja ya kuidharau miti. Dawa kadhaa za hospitalini zilitokana nayo. Ila dawa ambayo haijulikani kipimo chake, haijulikani imechanganywa na nini, na muuzaji wake hatapatikana kesho, haiwezi kuthibitisha kwamba bakteria wamekwisha.

Na kuthibitisha ndiyo hatua inayorukwa na takriban kila mtu. Wiki nne au zaidi baada ya kumaliza dozi, mgonjwa anapaswa kurudia kipimo cha choo au cha pumzi. Waliosafika, nafasi yao ya kupata kidonda tena ndani ya mwaka hushuka hadi chini ya mmoja katika kila 10. Kidonda kilichokuwa tumboni penyewe mara nyingi huhitaji kumulikwa tena ili kuhakikisha kwamba hakikuwa saratani iliyovaa joho la kidonda.

Dalili za hatari zinastahili kujulikana na kila aliye nyumbani, maana mgonjwa mwenyewe huenda akazirai. Kutapika damu, au matapishi yanayofanana na unga wa kahawa. Choo cheusi ti, chenye kunata kama lami na harufu kali. Kizunguzungu na moyo kwenda mbio baada ya siku za maumivu. Maumivu ya ghafla kama ya kuchomwa kisu, tumbo likakakamaa kama ubao. Hiyo ni ishara kwamba kidonda kimetoboa ukuta na yaliyomo yanamwagikia ndani. Hali zote hizi ni za hospitali usiku huo huo, bila kumlisha wala kumnywesha mgonjwa chochote njiani. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, pamoja na dawa ya bismathi, pia huufanya weusi wa choo, lakini bila ile harufu wala kunata, na bila kizunguzungu.

Linalosalia ni swali la sera. Huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, na katika muda huo wananchi wamejifunza kutotegemea hospitali za umma. Mgomo wa madaktari wa siku 100 uliomalizika Machi 2017, na ule wa siku 56 mwaka wa 2024, uliwasukuma wagonjwa kwenye maduka ya dawa, na baadhi yao hawakurudi. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua mahali pa NHIF, matibabu katika zahanati na vituo vya afya yanafaa kugharimiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Hilo ni jambo jema kwenye karatasi. Lakini zahanati isiyo na kipimo cha choo itaendelea kumpa mgonjwa chupa ya dawa nyeupe, tofauti pekee ikiwa kwamba sasa ni ya bure.

Japani, ambako saratani ya tumbo imewaua watu wengi, iliamua mwaka wa 2013 kwamba bima ya taifa igharimie matibabu ya bakteria hawa hata kwa mwenye uvimbe wa tumbo ambaye bado hajapata kidonda. Kenya haina mfuko wa Japani, na kuwatibu watu wote wenye bakteria katika nchi ambako wameenea hivi kungemaliza dawa na kuzidisha usugu. Hatua zinazowezekana ni ndogo kuliko hiyo: kipimo cha choo katika kila hospitali ya kaunti ndogo, kile cha damu kiondolewe katika uamuzi wa kutibu, na dozi kamili ya siku 14 itolewe kwa pakiti moja isiyoweza kukatwa nusu. Mawakilishi wa wadi wanaopitisha bajeti za afya kila Juni wanaweza kuanza kwa kuuliza hospitali zao zina vipimo vingapi vya choo, na vilinunuliwa lini mara ya mwisho.